Barua kwa mwanangu: msikope spika

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Mama yako hajambo, wadogo zako hawajambo, wote wanakusalimu.

Nimesoma swali lako. Unasema mazoezini bendi inasikika safi, lakini mkifika kwenye ile baa ya Temeke waimbaji hawasikiki, maiki zinapiga mluzi, na meneja anapanda jukwaani mara mbili kwa usiku mmoja kuwaambia mpunguze. Sasa wenzako wanataka mchukue mkopo mnunue spika kubwa zaidi, na wewe unaniuliza mchukue au msichukue.

Msichukue. Ukitoka kwenye wati 500 ukaenda kwenye wati 1,000, sauti inaongezeka desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na mteja wa meza ya nyuma atagundua tofauti ndogo mno. Ili aione sauti imekuwa maradufu, mnahitaji nguvu mara kumi hivi, yaani wati 5,000, pamoja na umeme wa kuzibeba. Na mluzi hautaondoka. Unatokea maiki inapoisikia spika, sauti ikazunguka na kurudi palepale ikiwa kubwa zaidi. Spika iwe ndogo, iwe kubwa, mzunguko ni uleule.

Ugonjwa wenu uko jukwaani. Tazama mpiga solo: amplifaya yake iko sakafuni, nyuma ya miguu yake. Sauti kali za gitaa hutoka kwenye spika zikiwa zimenyooka kama mwanga wa tochi, kwa hiyo zinapita kwenye magoti yake na kwenda kuwachoma waliokaa mbele. Yeye hajisikii, anaongeza. Mpiga rithimu anafunikwa, naye anaongeza. Mpiga dramu anaona amezidiwa, anatwanga. Kufikia wimbo wa nne mwimbaji hasikii koo lake, anaomba monita, ile spika ya jukwaani inayomrudishia sauti yake, ipandishwe, na hapo ndipo mluzi unapoanza. Aliyeanzisha yote ni yule mwenye amplifaya ya sakafuni, lakini lawama anabeba fundi mitambo.

Kwa hiyo, kabla hamjagusa mikisa, ile mashine ya fundi ya kuchanganya sauti, inueni amplifaya zote za magitaa juu ya viti au kreti za soda, mziinamishe kidogo kwa nyuma zitazame masikio ya mpigaji. Atapunguza mwenyewe bila kuombwa. Na wewe na besi lako, itoe amplifaya kwenye ile kona. Kuta mbili na sakafu zikikutana zinaivimbisha besi, noti zinageuka mngurumo mmoja usiojulikana ni noti gani. Punguza kitufe cha besi kidogo, ongeza kile cha sauti za kati. Noti zako zitasikika vizuri zaidi kwa nguvu ndogo zaidi. Solo na rithimu wakubaliane nani anapiga juu na nani anapiga chini kwenye shingo ya gitaa. Wakigandana sehemu moja, kila mmoja ataona dawa ni kuongeza sauti.

Sasa maiki. Maiki ya kuimbia ya kawaida, aina ya Shure SM58, haisikii sana kwa nyuma. Kwa hiyo monita inakaa nyuma ya maiki moja kwa moja, ikimtazama mwimbaji usoni. Zipo nyingine, kama Beta 58A, ambazo zimebana zaidi pembeni lakini zinasikia kidogo kwa nyuma. Kwa hizo monita inabaki upande wa nyuma wa maiki lakini inasogezwa pembeni kidogo, kushoto au kulia. Ulizeni mna ipi. Spika kubwa za ukumbi ziwe mbele ya mstari wa maiki, zisiwe nyuma yake hata kwa hatua moja, na ziinuliwe kwenye stendi mpaka zivuke vichwa vya wanaocheza. Zikikaa chini, watu wa mbele wanazimeza sauti zote kali na wa nyuma wanabaki na vumbi la besi.

Waimbaji wenu waache kukumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja. Najua inapendeza kwenye picha. Lakini mkono ukiziba zile tundu za nyuma ya wavu, maiki inapoteza ule uziwi wake wa nyuma na kuanza kusikia pande zote, monita ikiwemo. Washike mpini. Midomo ikae sentimita 5 kutoka kwenye wavu. Ikirudi hadi 10, sauti inashuka desibeli 6 hivi, fundi anaifuata kwa kuongeza, na mluzi unarudi. Pia kila idadi ya maiki zilizo wazi ikiwa maradufu, mnapoteza desibeli 3 za nafasi mliyo nayo ya kupandisha sauti kabla mluzi haujaanza. Waitikiaji wawili watumie maiki moja. Chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, likiingia na waimbaji wakaenda kucheza, fundi azifunge maiki zao zote, abakishe ya rapa tu.

Kwenye mikisa, bendi nyingi huanza na dramu. Anzeni na waimbaji. Mwimbaji aimbe kwa nguvu ileile ya usiku, siyo ule upole wa "moja, mbili, tatu", na geini, kile kitufe cha kukuza sauti inapoingia kwenye mikisa, ipande mpaka taa nyekundu inakaribia kuwaka, kisha irudi kidogo. Bonyezeni kitufe cha kukata besi kwenye kila maiki ya sauti: chini ya hezi 100 hakuna maneno, kuna vishindo vya miguu na besi yako inayovuja. Waimbaji wakisikika wazi, ingizeni chombo kimoja kimoja chini yao. Kwenye baa ya ukubwa ule dramu halihitaji maiki, labda lile kubwa la mguu peke yake. Mkijaribu saa kumi na moja jioni, ukumbi mtupu wenye bati na sakafu ya saruji utasikika mkali. Msikate sana sauti za juu, kwa sababu watu wakijaa miili na nguo zao zitazinywa. Fundi asikilize upya kuanzia wimbo wa pili, akiwa amesimama katikati ya watu.

Umeme nao. Vyombo vyote vya jukwaani na mikisa vichukue umeme kutoka sehemu moja, siyo magitaa kwenye soketi ya jukwaa na mikisa kwenye soketi ya kaunta. Huko ndiko unakotoka ule mngurumo usiokwisha. Mtu yeyote asivunje wala kukata waya wa ardhi kwenye plagi ili kuunyamazisha. Mpiga gitaa ameshika nyuzi za chuma, midomo yake ikigusa maiki yenye hitilafu, shoti inapita mwilini mwake. Watu wamekufa hivyo. Tumieni kisanduku cha DI, kile cha kuunganishia gitaa au kinanda kwenye mikisa, chenye kitufe cha kutenganisha ardhi. Kinanda kipewe UPS ndogo, yaani betri ya kushikilia umeme ukiyumba, maana friji za baa zikiwaka umeme unayumba, na kikijizima katikati ya wimbo mpigaji anaanza kupanga sauti zake upya mbele ya watu.

Kama pesa kidogo ipo, nunueni stendi mbili za spika, DI mbili, hiyo UPS na waya za akiba. Hivyo havihitaji mkopo.

Jumamosi mkimaliza kupanga, piga picha ya jukwaa kutoka meza ya nyuma kabisa, na nyingine kutoka anaposimama mwimbaji, unitumie kabla watu hawajaanza kuingia. Simu nitakuwa nayo mkononi.

Baba yako