Kurudi Narnia Ukiwa Mtu Mzima

SWALI: Ndugu Mhariri wa safu ya vitabu, nilipokuwa shule ya msingi nilivisoma vitabu vyote saba vya C. S. Lewis juu ya Narnia, nchi ya kubuni, nikavirudia mpaka majalada yakachanika. Sasa ni mtu mzima mwenye watoto, na hivi karibuni nimeanza kuvisoma upya. Kile cha simba na kabati la nguo nimekimaliza bila kuipata ile raha niliyoitarajia: sura ni fupi, vita vinakwisha kwa kurasa chache, na mwandishi ananisemesha kama mtoto. Isitoshe, nakumbuka kwamba huko mbele yamo mambo juu ya watu wa Calormen, nchi nyingine ya hadithi hizo, na juu ya Susan, mmoja wa ndugu wanne wanaoingia Narnia, ambayo naogopa kukutana nayo nikiwa na akili za leo. Je, niendelee, au niviache nibaki na kumbukumbu zangu? Nifuate mpangilio upi, maana toleo nililonunua limepewa namba tofauti na zile nilizozizoea? Na watoto wangu niwape?

JIBU: Ndugu msomaji, endelea, wala usiishie njiani, kwa sababu kilicho bora kwa mtu wa umri wako hakimo katika kitabu ulichokimaliza bali kiko mbele yako.

Ufupi unaoulalamikia ulikuwapo tangu kitabu hicho kilipotoka mwaka 1950. Tazama vita vya mwisho: tendo kubwa kuliko yote, la mvulana Edmund kuivunja fimbo ya Mchawi anayeitawala Narnia, hatuonyeshwi likitendeka, kaka yake Peter ndiye anayemsimulia simba Aslan baadaye, kwa sentensi chache, mapigano yakiwa yamekwisha. Hata hivyo, sitashangaa ikiwa unalikumbuka kana kwamba ulilishuhudia kwa macho yako, kwani mtoto anaposoma hupajaza mwenyewe pale mwandishi alipopaacha wazi, na sehemu kubwa ya raha uliyokuwa nayo zamani ilitokana na kazi hiyo uliyoifanya bila kujijua. Sisi watu wazima tumezoea kusoma haraka, tukipima na kulinganisha, na hatujazi chochote. Ndiyo maana nakushauri usome sura moja tu kwa siku, na ikiwezekana usome kwa sauti, kwa sababu msimulizi anayekukera ukimsoma kimya anasikika vizuri zaidi anapopewa sauti ya mtu.

Ukisoma kwa mwendo huo utaona yaliyokupita utotoni. Rudia pale Edmund alipoketi katika sleji ya Mchawi, gari la kuteleza juu ya theluji, akila peremende zilizorogwa. Mtoto anaona ulafi na adhabu yake. Mtu mzima anaona jinsi mwanamke yule anavyomuuliza maswali mvulana ambaye kinywa chake kimejaa, na jinsi mvulana asivyojiuliza hata mara moja kwa nini anaulizwa idadi ya ndugu zake. Aliyewahi kulaghaiwa na mtu mkarimu ataisoma sehemu hiyo kwa uzito ambao hakuwa nao akiwa na miaka tisa.

Lakini kitabu ninachotamani ukifikie ni kile cha mwaka 1955, kinachosimulia jinsi Narnia ilivyoumbwa. Humo yumo Digory, mvulana ambaye mama yake ni mgonjwa wa kufa, naye anapomwomba Aslan dawa anakuwa ameinamisha kichwa akitazama miguu na makucha ya simba. Anapothubutu kuinua macho, anakuta uso wa Aslan umejaa machozi makubwa kuliko yake. Utotoni pengine uliipita sura hiyo haraka ili umfikie farasi mwenye mabawa. Sasa isome ukijua kwamba Lewis alifiwa na mama yake kwa saratani mwaka 1908, akiwa na miaka tisa. Katika hadithi, mvulana anashawishiwa aibe tunda ampelekee mama, naye anakataa, kisha anapewa kwa halali na mama anapona. Mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka hamsini aliandika uponyaji ambao yeye mwenyewe hakuupata, tena akaukinga usipatikane kwa wizi hata katika ndoto. Sijui njia ya kuisoma sehemu hiyo bila kuguswa, na siamini kwamba mtoto anaweza kuielewa yote.

Kuhusu Calormen, sitakufariji. Lewis alichora taifa zima la watu wenye ngozi nyeusi na vilemba kuwa wakatili na wamiliki wa watumwa, na katika kitabu cha mwisho, cha mwaka 1956, aliweka vinywani mwa vibeti matusi ya rangi. Ni kweli kwamba Aravis, msichana wa huko, ni miongoni mwa wahusika hodari katika mfululizo wote, na kwamba Emeth, askari aliyemtumikia mungu wa Calormen kwa moyo safi, anapokewa na Aslan mwenyewe. Lakini watu wawili wema hawalifuti taifa lililodharauliwa. Ukiudhika, udhika bila kujilaumu, na wala usidhani kwamba kuudhika kunakunyang'anya Digory.

Susan ni jambo jingine. Katika kitabu hicho cha mwisho anatajwa kwa maneno machache tu kwamba si rafiki wa Narnia tena, kwa kuwa amezama katika rangi za midomo na mialiko, na mwisho wa hadithi unampita. Kwangu mimi hukumu hiyo ni kali mno kwa kosa dogo. Lewis mwenyewe, katika barua aliyomwandikia mtoto mwaka 1957, alisema kwamba Susan bado ana muda mwingi wa kurekebika na huenda akaifikia nchi ya Aslan kwa njia yake. Msomaji aliyekua anayo ruhusa ya kuiamini barua hiyo kuliko kitabu.

Ukitaka kuona mwandishi mwenyewe akirudi katika ulimwengu wake kwa macho ya utu uzima, soma vitabu vya Earthsea vya Ursula K. Le Guin baada ya hivi. Alitoa vitatu kati ya mwaka 1968 na 1972, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha mwaka 1990 akatoa cha nne ambamo mchawi mkuu wa hadithi hizo amepoteza nguvu zake na hadithi inamfuata mjane anayemlea mtoto aliyeunguzwa kwa moto. Hakuna kilichofutwa katika vile vya kwanza, ila vimeulizwa maswali.

Mpangilio ni jambo dogo. Matoleo ya siku hizi hufuata wakati wa matukio, yakianza na kuumbwa kwa Narnia, na Lewis aliwahi kukubaliana na mtoto aliyependelea hivyo. Mimi ningefuata mwaka wa kuchapishwa, ili taa ile iliyosimama msituni ikutane na msomaji kwanza, na asili yake aijue baadaye.

Watoto wasomee mwenyewe, lakini usiwadokeze mapema ni wapi ulicheka wala ni wapi ulilia. Mkifika Calormen, simama, waulize wanaonaje, wasikilize mpaka wamalize, ndipo uwaambie unavyoona wewe.