Wetisuti: M inanikaba, L inapwaya, nichukue ipi?

SWALI: Habari za kazi. Naombeni ushauri kabla sijatupa hela. Nimeanza mazoezi ya kuzamia kwa pumzi moja, muda mwingi tuko bwawani ila mara moja moja tunaenda baharini, maji yanakuwa kwenye nyuzi 26 hivi. Kocha kasema nitafute wetisuti, yaani ile nguo ya mpira ya kuzamia, ya vipande viwili, milimita 3, isiyo na zipu. Nimejaribu M inanikaba shingoni na nikivuta pumzi kifua kinagoma, L napumua vizuri ila mgongoni inapwaya. Kwenye chati urefu na uzito wangu vinasema M, kifua kinasema L. Rafiki yangu ananiambia chukua tu M ikiingia majini itaachia. Kweli? – Mdada wa kati kwa kati

JIBU: Hapana mdada, M usichukue. Rafiki yako hajakosea kila kitu, ni kweli suti ikishalowa inalainika kidogo na nchi kavu kila wetisuti inabana kuliko itakavyobana majini, ila kulainika huko ni kidogo tu, kifua kinachogoma dukani kitagoma na bwawani pia. Na wewe mchezo wako wote uko kwenye ile pumzi moja ya mwisho, sasa ukiivuta nusu kwa sababu ya nguo umebaki na nini?

Shingo ndo usifanyie mzaha kabisa. Pale pembeni ya koo kuna mishipa mikubwa ya damu, ikikandamizwa mwili unadhani presha imepanda, moyo unapunguza mwendo na wewe unaanza kusikia kizunguzungu, na kizunguzungu kwa mtu anayebana pumzi siyo jambo la kuvumilia. Kola ikae imegusa ngozi pande zote ila uweze kumeza mate bila kuisikia inapanda na kushuka na koo lako.

Sasa L. Kupwaya mgongoni nako ni tatizo la kweli, maana wetisuti haizuii maji kuingia, inachofanya ni kuyatuliza yale machache yaliyoingia ili mwili uyapashe moto. Palipopwaya maji hayatulii, kila ukijikunja kuna ya baridi yanaingia na yaliyopata moto yanatoka. Kwa hiyo milimita 5 inayopwaya unaweza ukatetemeka nayo kuliko milimita 3 iliyokushika vizuri, ndo maana mimi mtu akiniuliza unene kabla ya saizi huwa namrudisha nyuma.

Fanya hivi. Vaa ile L yote, kofia juu, kaa nayo kama robo saa hivi usiivue haraka. Inama, nyoosha mikono juu kama unavyoshika mkao wa kuogelea, alafu mwambie mtu ajaribu kufinya suti pale kwenye mbonyeo wa mgongo juu ya makalio. Akipata mkunjo wa mpira wa kushika mkononi, hapo maji yatajaa. Akipata ncha tu ya kufinya, achana nayo, hiyo ni kawaida. Angalia na kwapani na kwenye msamba, hizo ndo sehemu nyingine zinazoacha nafasi. Mwisho vuta pumzi kamili, tumbo kwanza kisha kifua mpaka juu kabisa, na ujiulize kilichokusimamisha ni mapafu kujaa au ni suti, kama ni suti basi ni ndogo, hamna mjadala.

Kwa maelezo yako naona dawa iko kwenye hivyo hivyo vipande viwili. Koti fuata kifua, suruali fuata nyonga na urefu, na wauzaji wengine wanakubali kutenganisha saizi. Uliza pia koti lililokatwa kwa umbo la kike maana hayo yanaingia ndani zaidi kiunoni, inawezekana L yako ilikuwa ya kiume. Ikishindikana kabisa shonesha kwa vipimo. Ukijipima tumia futi ya fundi cherehani juu ya ngozi, siyo juu ya fulana, na kifua pima umepumua kawaida, usikivimbishe wala usijikaze tumbo upendeze kwenye namba!

Angalizo moja la dukani: kama ndani ya suti hamna kitambaa, yaani ni neoprini tupu, ule mpira wenyewe wa suti unaonata kwenye ngozi, usiijaribu kavu. Itachanika na utalipishwa. Omba ya mtindo na mtengenezaji huyo huyo lakini yenye nailoni ndani uijaribishie saizi, na ukivalisha mfuko wa plastiki kwenye mguu inateleza vizuri tu. Kwa mazoezi mimi ningependa neoprini tupu ndani na nailoni nje, inashika joto na haiogopi kingo za bwawa wala kamba. Zile za neoprini tupu nje na ndani ni tamu majini ila zinataka mtu mwenye subira.

Milimita 3 ya kocha ni sawa kwa maji hayo. Na bwawani usiidharau ukisikia maji ni ya moto, siku ya kubana pumzi umelala bila kujitikisa baridi inakuja taratibu, na ukianza kutetemeka misuli inakula oksijeni uliyokuwa unaitunza.

SWALI: Mimi nina mwili mkavu nasikia baridi sana nikahama milimita 3 kwenda 5. Mwanzo wa kushuka ikawa kazi, napiga mapezi mpaka nachoka, nikaongeza uzito kwenye mkanda. Sasa kushuka raha ila kurudi toka mita 20 ndo shughuli. Suti mbovu au mimi?

JIBU: Suti nzima kaka, punguza huo uzito. Neoprini ni mpira uliojaa vipovu vya gesi, vipovu ndo vinakufanya uelee na ndo vinakupa joto. Ukifika mita 10 mgandamizo umekuwa mara mbili ya juu na vipovu vimebaki kama nusu, mita 20 vimebaki kama theluthi. Suti nene ina vipovu vingi, kwa hiyo juu inakusukuma sana na chini inakuacha vibaya zaidi kuliko ile ya 3. Wewe umeweka uzito wa kushindana na zile mita za mwanzo, alafu huko chini vipovu vimesinyaa na uzito uko pale pale unausindikiza juu kwa miguu.

Jipime hivi: ukiwa juu ya maji na vifaa vyote, toa pumzi kawaida bila kulazimisha, bado unatakiwa uelee. Alafu wakufunzi wengi wanataka ule usawa wa kutopanda wala kushuka uukute kwenye mita 10 au kina zaidi ya hapo. Watu wengi wanaozimika, yaani kupoteza fahamu, wanazimikia karibu na juu au wakiwa wameshatoka kabisa, hapo unataka mwili upande wenyewe. Mita za mwanzo jivute kwa kamba badala ya kupiga mapezi, na mwenzako awepo anakuangalia, hata kama ni kujaribu uzito tu.

SWALI: Kucha imetoboa suti yangu ya neoprini tupu, imekwisha?

JIBU: Haijaisha. Suuza kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ikauke kabisa, paka gundi ya neoprini kingo zote mbili, subiri ishike kama maelekezo ya kopo yanavyosema ndo uzikutanishe na kubana. Siku nyingine changanya kondishina ya nywele na maji mengi kwenye chupa, mimina ndani ya suti, ivute kwa matumbo ya vidole. Kucha kata.