Huyo ni mwewe, si furukombe
Dada, huyo uliyemwona juu ya nguzo ya umeme pale soko la samaki la Feri, Mtwara, akichambua samaki, ukadhani ni furukombe, yaani tai mla samaki, ni mwewe. Furukombe ana kichwa na kifua cheupe pee. Wako umesema kahawia mwili mzima, mdomo wa njano; basi mtazame akiruka, mkia umegawanyika ncha mbili kama panda na anaupindapinda kama usukani. Watoto wasimrushie mawe, anatusafishia mabaki yetu. Juzi nilimwona mmoja akikwapua utumbo wa samaki kando ya meza ya muuzaji. Hakutua kabisa! Aliudaka kwa kucha, akainamisha kichwa, akala hukohuko hewani, vipande vikitudondokea. Nilisahau hata kilichonipeleka sokoni. Nenda asubuhi wavuvi wakishusha samaki, utamwona tena.