Kioo cha mbele cha gari la Volkswagen Beetle: raba inagoma kukaa kwenye kona

Ndugu uliyeuliza kwa nini mdomo wa raba unabaki nje kwenye kona: mara nyingi tatizo ni kamba ya kuuvutia mdomo huo ndani ya gari, au kioo hakijakaa katikati.

Vika raba kwenye kioo kwanza, kikiwa juu ya blanketi. Kama raba yako ina mkanda wa alumini wa urembo, uingize sasa hivi. Gari likishavalishwa kioo ni mateso. Kisha pitisha kamba ya nailoni ya milimita 4 hadi 5 kwenye mfereji unaokaa juu ya ukingo wa bodi, ncha zipishane chini katikati sentimita 20 hivi. Paka maji ya sabuni. Usitumie grisi wala oili, zinaivimbisha raba.

Weka kioo mahali pake kwenye gari, ncha za kamba zikiwa ndani. Mmoja asukume kwa viganja kutoka nje, mwingine ndani avute kamba taratibu kuelekea katikati ya kioo. Msukumaji afuate pale kamba ilipo. Usipige ngumi, hasa kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa pamoja (laminated): kinapasuka kuanzia ukingoni.

Kabla ya yote kagua ukingo wa bodi. Kutu iliyovimba inaikataa hata raba mpya. Piga msasa, paka praima, rangi ikauke kabisa. Raba ngumu iache juani nusu saa.