Huo waya unaoning'inia kwenye shoo usiukate

Mkuu, nimesoma swali lako nikacheka, maana mwaka niliofika hapa Winnipeg, Kanada, na mimi niliuliza hilohilo. Umenunua Corolla ya mtumba, mbele kwenye shoo, ule wavu wa mbele ya rejeta, kunaning'inia waya mweusi wenye plagi ya pini tatu, unauliza ni wa nini. Jamaa mmoja kakwambia ni takataka ukate, jirani kakwambia uchomeke usiku kucha kuanzia Oktoba mpaka Machi. Wote wawili wanakupoteza.

Gari lako si la umeme. Hiyo ni hita ya injini. Unaijua ile koili ya kuchemshia maji ya kuoga kwenye ndoo? Basi ndiyo hiyohiyo, ila ndogo, imepachikwa ubavuni mwa bloku ya injini na ncha yake inaoga ndani ya kulanti, yale maji ya dawa ya kupoza injini. Ukiwasha umeme, kulanti inapata moto, inapanda yenyewe, ya baridi inashuka, na taratibu chuma chote kinapata uvuguvugu. Alianzisha jamaa mmoja wa hapo ng'ambo ya mpaka, Grand Forks, North Dakota, Marekani, Andrew Freeman, akapata hataza mwaka 1949. Yake ilikaa mahali pa bolti ya silinda hedi, kile kipande cha juu ya bloku, ndiyo maana wazee wa kule mpaka leo wanaiita hita ya bolti.

Mimi mtu wa Njombe. Nilikuja na kiburi kwamba baridi naijua, kwetu Juni unaamka unakuta majani ya viazi yameungua kwa barafu. Bwana, ile si baridi. Hapa Januari asubuhi ya nyuzi 30 chini ya sifuri si ajabu. Oili ya injini inakuwa kama mafuta ya nazi yaliyoganda kwenye chupa, stata inatakiwa kuzungusha chuma ndani ya huo uzito, na betri nayo kwenye -18 imeshabakiwa na karibu nusu ya nguvu yake. Mzigo umeongezeka, mbebaji kadhoofika.

Sasa kisa changu. Januari yangu ya kwanza, saa kumi na moja alfajiri, -36, nina zamu ghalani. Nimechomeka gari tangu jioni kama nilivyoelekezwa, nimelala usingizi wa mtu aliyejipanga. Nazungusha funguo: nyaaa… nyaa… tk. Kimya. Nikaanza kulaani betri. Akatokea mzee mmoja Mfilipino wa ghorofa ya chini, anakwangua kioo cha gari lake. Hakuniuliza habari ya betri hata kidogo. Aliniuliza, "Umeisikiliza?" Akachomoa plagi yangu, akairudisha huku sikio kaliweka karibu na boneti. Akatikisa kichwa. Akanishika mkono mpaka kwenye gari lake, akachomeka, akaniambia nisikilize. Nikasikia ssss, sauti ya birika lililotelekwa jikoni sasa hivi. Kwangu hakukuwa na sauti yoyote. Waya ulikuwa umekatika kwa ndani, pale karibu na plagi ninapoukunja kila siku. Kwenye baridi ile waya unakakamaa kama fimbo, ukiukunja kwa nguvu unaua shaba ndani huku nje ngozi nzima. Tangu Novemba nilikuwa nachomeka waya mfu, na gari lilikuwa linawaka kwa sababu tu baridi haijakolea.

Kwa hiyo kitu cha kwanza fanya wiki hii, kabla theluji haijashuka: injini ikiwa imepoa, mahali pametulia, chomeka usikilize. Kama una mita, chomoa kwenye umeme kwanza, kisha pima pini mbili bapa za plagi. Hita ya wati 400 kwenye umeme wa volti 120 isome kama omu 36. Isiposoma kitu, waya au koili imekatika. Waya unabadilishwa kirahisi. Koili inataka kulanti imwagwe, hiyo mpe fundi. Ila usikimbilie kuhukumu kwa sikio peke yake. Maegesho mengine huku soketi zinapokezana, zinawaka dakika kadhaa kisha zinazima ili kubana umeme. Unaweza kusikiliza wakati soketi iko kwenye zamu ya kuzima.

Jirani yako na usiku kucha yake anatajirisha shirika la umeme tu. Saa tatu zinatosha, baada ya nne injini haiongezi joto la maana. Nunua taima ya nje, kama unatoka saa kumi na mbili asubuhi ianze saa tisa usiku. Wati 400 kwa saa tatu ni uniti 1.2, kwa bei ya hapa kama senti 12 za Kanada. Mimi naanza kuchomeka ikishuka chini ya -15. Na angalia namba ya hewa yenyewe. Ile ya "unavyohisi kwa upepo" ni ya ngozi yako, chuma hakishuki chini ya baridi ya hewa.

Waya wa kuunganishia uwe wa nje, mnene, wenye ethi. Ule mwembamba wa sebuleni unapata moto, utakuunguzia soketi.

Halafu kuna kosa letu la nyumbani: kujaza maji ya bomba kwenye rejeta. Huku maji yakiganda yanapasua bloku, hita au bila hita. Weka kulanti nusu kwa nusu, inahimili mpaka kama -37, na kiwango kisipungue, maana koili ikikaa hewani inaungua. Oili tia inayoanzia 0W, yaani ile inayobaki nyepesi kwenye baridi, kama kitabu cha gari kinaruhusu, kwa kuwa hita hii haifikii sawasawa oili iliyolala kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini. Na betri iliyoganda usiibusti kabisa kwa umeme wa gari jingine, inaweza kulipuka. Iingize ndani iyeyuke kwanza.

Ukichomeka, pitisha waya juu ya kioo cha pembeni cha dereva ili usiweze kufungua mlango bila kuugusa. Mimi nililijua hili nikiwa nimechelewa. Nilifika taa za kwanza, dereva wa nyuma ananipigia honi, nikampungia mkono nikidhani ananisalimia, kumbe naburuta mita tano za waya wa rangi ya chungwa.