Dada, usilipie hiyo laptopu ya GB 64

Dada, usilipe. Mpigie mdogo wako mwambie atoke hapo dukani, halafu ndiyo urudi usome haya.

Umesema amepata chuo Dodoma, mna laki sita, na duka moja la hapa Mwanga, Kigoma, wamemwonyesha laptopu mpya ya laki tano na nusu: RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, hifadhi GB 64, nyepesi, chaji inakaa kutwa. Unauliza kama inafaa, na kama anunue Kigoma au aagize Dar. Mimi nilipofika kwenye hiyo GB 64 moyo ulinipasuka, kwa sababu mwaka 2019 nilinunua pacha wake, ya GB 32, Mwanga hapa hapa, nikienda kusoma takwimu huko huko Dodoma.

Hela ilikuwa ya mama. Anauza dagaa Kibirizi, na wavuvi wetu mbalamwezi ikiwa kali hawatoki, kwa hiyo hela yake inakuja kwa giza. Ile laki nne na themanini ilikuwa ya giza tatu. Aliihesabu mwenyewe juu ya kaunta, noti za elfu mbili na elfu tano zinanuka dagaa. Kabla hajazisukuma mbele akauliza, "Sasa baba, ikijaa je?" Yule muuzaji akamjibu, "Haijai hiyo mama. Mpya kwenye boksi, ya wanafunzi kabisa." Mama yangu hajui kompyuta, lakini aliuliza swali lililopaswa kuulizwa, akajibiwa uongo na mtu aliyekuwa anajua. Hilo sijamsamehe mpaka leo. Na binamu yangu aliyejiita mtaalamu alikuwa kwenye simu anashindilia: mtumba takataka, chukua mpya.

Muhula wa kwanza ilienda vizuri. Halafu hesabu ikaanza kugoma. GB 32 ukiiwasha inasoma 29 hivi. Windows 10 peke yake inakula zaidi ya 20, bado Office, bado faili zako. Apdeti kubwa ikishuka inataka nafasi ya kupumulia, nafasi hakuna, inafeli. Kesho inashuka upya, inamaliza bando, inafeli tena. Nilifuta picha, nikafuta nyimbo, masomo yote nikahamishia kwenye flashi. Muhula wa pili tukaambiwa tuweke SPSS, programu ya takwimu. Ikaingia kwa kubanwabanwa.

Usiku mmoja nilikuwa namalizia asaimenti, Word ikakataa kuhifadhi. Diski imejaa. Mashine ikaganda, nikaizima kwa kushikilia kitufe. Ilipowaka, kazi niliyoikuta ilikuwa ya saa mbili usiku, na muda huo ilikuwa saa tisa. Nikapeleka pungufu, alama zikashuka, nikapata supu, mtihani wa marudio, wa somo lile. Wenzangu wako likizo, mimi napanda treni Kigoma hadi Dodoma kwa ajili ya mtihani mmoja, nauli ni ya mama tena. Anayetaka kucheka hapa aanze kwa kutuambia laptopu yake ya kwanza aliichaguaje.

Sasa sikia kilichoniuma kuliko supu. Nilijipa moyo kwamba diski huwa inaongezwa. Nikampelekea fundi, akatoa skrubu, akainua mfuniko. Ndani sehemu kubwa ni betri, na bodi yenyewe ndogo kama kiganja cha mtoto. Akaweka ncha ya bisibisi juu ya kidude cheusi, kinalingana na ukucha wa kidole gumba. "Diski yako ndiyo hii." Ni eMMC, imechomelewa kwenye bodi kwa risasi. Akasogeza bisibisi kidogo: "Na RAM ni hizi." Nazo zimechomelewa. Akarudisha mfuniko, hakudai hata mia. "Hii haiongezeki, mdogo wangu."

Pembeni kulikuwa na HP ya mtumba, nene, imechubuka pembe, ya mwanafunzi aliyeinunua kwa bei inayokaribiana na yangu. Fundi akaifungua, akachomoa diski ya zamani kwa vidole, akachomeka SSD, diski ya kisasa yenye kasi, ya GB 256, akapachika na kipande cha pili cha RAM. Mwenyewe hata soda hakuwa ameimaliza.

Kwa hiyo dada, hilo ndilo ninalokuomba ushike: usinunue mashine isiyoongezeka. Upya wake, wembamba wake, rangi yake, hivyo baadaye. Kwanza uliza RAM ni ya kuchomeka? Diski ni SSD ya kuchomoa? Akisita, ondoka. Ukiona hifadhi ni GB 32 au 64, karibu hakika ni hiyo eMMC. Na Windows 11 kiwango cha chini kabisa walichoweka Microsoft wenyewe ni RAM GB 4 na hifadhi GB 64. Maana yake mdogo wako anauziwa mashine iliyofika kikomo kabla hajaandika hata jina lake.

Atafute mtumba wa ofisini: HP EliteBook 840 G5, ThinkPad T480 au Dell Latitude 5490. Hizo zina nafasi mbili za RAM, na SSD inatoka. Awe makini na herufi: T480s si T480, RAM yake nyingine imechomelewa. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, iwe i5 ya Intel ya kizazi cha nane, namba inaanza na 8 baada ya kistari, mfano i5-8250U, kwa sababu Intel za chini ya hapo Windows 11 haizitambui rasmi, na Windows 10 waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Akipunguziwa bei ya kizazi cha sita asilegee. RAM ianzie GB 8. SSD ikiwa ndogo si neno, bumu (hela ya mkopo wa chuo) likiingia ataongeza.

Hela isitumwe Dar kwa mtu asiyemjua. Aishike mashine, achomoe chaji aitumie nusu saa nzima aone betri inavyoshuka. Halafu aizime, aiwashe huku anabonyeza F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, aingie BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine. Ikidai nywila hapo, airudishe mezani.

Kama muuzaji anang'ang'ania kwamba ile ya GB 64 inaongezeka, mdogo wako apige picha karatasi ya vipimo iliyobandikwa kwenye boksi, namba ya modeli ionekane, uiweke hapa. Niko macho hadi saa tano usiku.