Binti yangu haoni, nianzie wapi kumfundisha herufi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu, mi ni mama ntilie hapa Igoma, Mwanza, binti yangu ana miaka 6 na haoni kabisa, nataka ajue herufi kabla ya kuanza shule ila vifaa vya dukani siviwezi.

JIBU: Marahaba mama, na usisubiri hela. Chukua trei ya mayai, kata vishimo 6, viwili kwa upana vitatu kwenda chini, hapo ushapata chumba cha herufi moja ya nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, maana mfumo alioubuni Louis Braille wa Ufaransa mwaka 1824 unasimamia hizo nukta 6 tu. Vya kushoto hesabu 1, 2, 3 kutoka juu, vya kulia 4, 5, 6. Sasa weka ndimu: kwenye 1 ni a, 1 na 2 ni b, 1 na 4 ni c. Apapase na kupanga mwenyewe jamani, usimvute vidole, mkono wake ndo jicho lake.

Akizoea, dondoshea gundi ya mbao kwenye kipande cha boksi, ikikauka inakuwa kanundu. Ukitoboa manila kwa msumari butu pia sawa, ila unatobolea nyuma, kwa hiyo unaandika kutoka kulia kwenda kushoto na nukta 1 inakaa kulia, ukigeuza ndo inasomeka, hapa wengi wanachanganya.

Ila usingoje amalize herufi zote, nenda sasa hivi ofisi ya elimu ya halmashauri yako uulizie elimu maalumu, umri wake wa shule ushafika.